Kodi ya Nyumba, Ushuru wa Gunia: Nani Hugharimia Nini Nyakatuntu

Kodi ya majengo, kwa maana inayokubalika katika nchi nyingi, ni malipo ya kila mwaka anayotozwa mwenye nyumba na mamlaka ya mahali nyumba hiyo ilipo, kwa hoja kwamba barabara, shule, maji na usafi vinavyotolewa na mamlaka hiyo ndivyo vinavyoipa mali sehemu ya thamani yake, na kwa hiyo ni haki mwenye mali arudishe kidogo. Hoja hiyo ina masharti matatu: mali iwe imethaminiwa, mmiliki awe anajulikana, na fedha zibaki pale zilipokusanywa. Katika Nyakatuntu, kata iliyokuwa ndani ya Wilaya ya Karagwe na ambayo sasa iko Kyerwa tangu wilaya hiyo ilipoundwa mwaka 2012, ni vigumu kupata hata sharti moja kati ya hayo lililotimia kikamilifu. Hata hivyo wakazi wake hulipa, tena hulipa kwa njia kadhaa, na swali la nini hasa kinachogharimiwa na malipo yao halina jibu jepesi.

Pa kuanzia ni mali yenyewe. Utajiri wa kaya ya Kinyambo, yaani ya Wanyambo, wenyeji wa eneo hili, hauko kwenye kuta za nyumba. Uko kwenye kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba, ambalo limepaliwa na kuwekewa mboji na samadi kwa vizazi kadhaa, na ambalo bei yake katika mauzo ya kienyeji huizidi nyumba iliyomo kwa mbali. Kodi inayolenga mali ingetarajiwa kukilenga kibanja. Lakini ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya dhamana ya Rais, msimamo uliowekwa wazi tangu sheria ya mwaka 1963 ilipofuta umiliki wa ardhi wa moja kwa moja, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji kwa misingi ya mila. Kodi ya pango la ardhi, ambayo ni malipo ya mwaka yanayokwenda Wizara ya Ardhi, humhusu mwenye kiwanja kilichopimwa na kupewa hati ya serikali. Mwenye kibanja cha urithi, hata akiwa na hati ya hakimiliki ya kimila, kwa kawaida haimfikii. Kwa hiyo kile kilicho na thamani kubwa kuliko vyote hakitozwi kama mali. Hutozwa kinachotoka ndani yake, na hutozwa siku kinapohama.

Hali hii ina historia, na historia hiyo ilianza na nyumba. Amri ya kodi ya nyumba iliyotolewa na serikali ya Kijerumani mwaka 1897, na kuanza kutekelezwa mwaka uliofuata, iliweka rupia 3 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida ya shamba. Shabaha yake haikuwa mapato peke yake, kwa sababu mtu asiyekuwa na rupia alilazimika kuitafuta kwa kuuza zao au kuuza nguvu zake, na hilo ndilo walowezi na wafanyabiashara walilolitaka. Waingereza waliichukua kodi hiyo na kuiunganisha na kodi ya kichwa katika sheria ya mwaka 1922, ambapo mwanamume mwenye wake kadhaa alihesabiwa kwa idadi ya nyumba za wake zake. Halafu, chini ya Gavana Donald Cameron, sheria ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926 ikaruhusu sehemu ya makusanyo kubaki katika hazina za watawala wa jadi, na Bukoba na Karagwe zilikuwa na watawala wa namna hiyo, Abakama, tangu zamani. Kahawa, ambayo hapo awali ilitafunwa na kutolewa kwa mgeni kama ishara ya heshima, ikawa ndiyo njia ya kupata fedha ya kodi. Uhusiano huo kati ya mbuni na mtoza kodi haujavunjika tangu wakati huo.

Baada ya Uhuru halmashauri za wilaya ziliendelea kuishi kwa kodi ya kichwa na ushuru wa mazao hadi mwaka 1969, serikali kuu ilipofuta vyote viwili. Nia ilieleweka, kwani kodi ya kichwa ilikuwa imechukiwa tangu enzi za ukoloni na ukusanyaji wake ulijaa kukamatana, lakini halmashauri hazikupewa chanzo kingine cha kutosha, na zilipofutwa zenyewe mwaka 1972 chini ya mpango wa Madaraka Mikoani zilikuwa tayari zimedhoofika mno. Sheria za mwaka 1982 zilizirudisha, zikaanza kazi mwaka 1984, na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ikazipa orodha ndefu ya vyanzo, ikiwemo kodi ya maendeleo, ambayo mlipaji wa kijijini hakuona tofauti yake na ile ya kichwa. Mwaka 2003 kodi hiyo nayo ikafutwa pamoja na ushuru mdogomdogo ulioitwa kero. Ukitazama miaka ya 1969 na 2003 pamoja, unaona tabia moja: serikali kuu humwondolea mwananchi mzigo, jambo ambalo ni jema, kisha huifidia halmashauri kwa ruzuku, na ruzuku huja na masharti ya anayeitoa. Kila hatua ya huruma imeisogeza meza ya maamuzi kutoka makao makuu ya wilaya kuelekea Dodoma.

Kodi ya majengo yenyewe ni ya miji kwa asili. Sheria ya mwaka 1983, ambayo sasa ni Sura ya 289, iliandikwa kwa ajili ya mamlaka za miji, zikitakiwa kuwa na daftari la uthamini, yaani orodha ya majengo na thamani ya kila moja, ambalo kodi ingekokotolewa kutokana nalo. Madaftari hayo ni ghali kutengeneza na huchakaa upesi, hivyo miji mingi ilibaki na orodha zisizofanana na kilichopo mtaani. Mkusanyaji naye alibadilishwa mara kwa mara. Katika Dar es Salaam kazi ilipewa Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, mwaka 2008, ikarudishwa kwa manispaa mwaka 2014, na mwaka 2016 ikachukuliwa tena na TRA kwa upana zaidi. Marekebisho yaliyofuata yaliipanua kodi kufikia maeneo ya halmashauri za wilaya, yakaziacha nje nyumba za tope na za nyasi, na kwa majengo yasiyothaminiwa yakaweka kiwango bapa: shilingi 10,000 kwa nyumba ya kawaida. Kiwango bapa kina faida ya wepesi. Kina pia kasoro inayojulikana na kila mwenye bati: nyumba ya vyumba viwili na ile ya vyumba vinane, zote zikiwa za chini, hulipa sawa.

Mwaka 2021 ukafanyika uamuzi uliobadilisha sura ya kodi hii kabisa. Kuanzia Agosti mwaka huo kodi ya majengo ilianza kukatwa kupitia LUKU, mfumo wa kununua umeme kabla ya kuutumia, kwa shilingi 1,000 kila mwezi kwa mita ya nyumba ya kawaida. Julai 2023 ikapanda kuwa shilingi 1,500, ambazo kwa mwaka ni 18,000. Mtu aliyeunganishiwa umeme wa REA, Wakala wa Nishati Vijijini, kijijini kwa shilingi 27,000, na ambaye hutumia taa tatu na kuchaji simu, anaponunua umeme wa shilingi 2,000 kwa mara ya kwanza katika mwezi, hukatwa kwanza 1,500 za jengo. Zinazobaki 500 hukatwa kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, tozo ya nishati vijijini asilimia 3 na ya EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, asilimia 1, na kwa bei ya shilingi 100 kwa uniti anayotozwa mtumiaji mdogo, anaambulia uniti nne na ushee. Akikaa miezi miwili bila kununua, deni humsubiri. Kwa mwenye duka katika senta za biashara za Nkwenda au Kayanga anayenunua umeme wa 30,000 kwa mwezi, makato hayohayo hayaonekani.

Hapa ndipo kodi ilipoacha kufuata jengo na kuanza kufuata mita. Nyumba kubwa isiyo na umeme haifikiwi na mfumo huo, na ukusanyaji wake unaachwa kwa watendaji wa halmashauri. Nyumba ndogo yenye umeme hufikiwa bila kukosa. Mpangaji anayenunua umeme hulipa kodi ya mwenye nyumba, na jibu lililotolewa na viongozi wakati malalamiko yalipopamba moto, kwamba wawili hao wapatane wenyewe, linadhania kwamba mpangaji ana nguvu ya kudai arejeshewe. Mzee aliyefikisha miaka 60 amesamehewa kwa nyumba anayoishi, lakini mita haijui umri wa mtu, hivyo msamaha huja baada ya kuuomba na kuuthibitisha, na kwa bibi wa mlimani Nyakatuntu nauli ya bodaboda kwenda na kurudi kutafuta fomu inaweza kuumeza msamaha wa miezi kadhaa. Mita haijui pia kama paa lililo juu yake liko mjini, mji mdogo au kijijini. Kwa upande wa ufanisi mfumo huu hauna mpinzani, kwa sababu hauhitaji mthamini wala mkusanyaji wala kesi mahakamani. Umefanikiwa kwa kuacha kuuliza swali ambalo kodi ya mali ilibuniwa kulijibu, yaani mali hii ina thamani gani na ya nani.

Sharti la tatu, la fedha kubaki zilipokusanywa, nalo limelegea. Makato ya LUKU huingia kwanza katika mikono ya serikali kuu, na halmashauri hupata mgawo wake kwa utaratibu unaopangwa huko juu. Diwani wa kata hawezi kusimama katika mkutano wa kijiji na kusema kwamba shilingi 1,500 za kila mita ya hapa zimejenga choo fulani cha shule, kwa sababu yeye mwenyewe haoni fedha hizo zikipita. Kodi ya mali husifiwa na wachumi kwa kuwa humfanya mlipaji amkabili kiongozi wake wa karibu. Katika umbo hili mlipaji humkabili wakala wa LUKU.

Kinachoiendesha Halmashauri ya Wilaya ya Kyerwa kama mapato yake yenyewe, na jirani yake Karagwe vilevile, ni kingine. Ushuru wa mazao, ambao Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inamtaka mnunuzi aulipe kwa asilimia ya bei ya zao shambani, ulikuwa ukifika asilimia 5 hadi mwaka 2017, ulipopunguzwa kuwa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja unaosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine ukasamehewa. Chukulia mfano wa bei ya shilingi 4,000 kwa kilo ya kahawa: mkulima anayeuza kilo 1,000 kwa msimu kupitia chama chake cha msingi cha ushirika ameifanya halmashauri ipate shilingi 120,000, zaidi ya mara sita ya kodi ya mwaka ya nyumba yake. Gunia la maharage la kilo 100, likiwa na bei ya shilingi 2,000 kwa kilo, linatoa 4,000. Karatasi inasema mnunuzi ndiye mlipaji, lakini mnunuzi hupanga bei akiwa tayari ameshatoa hesabu ya ushuru, magunia na usafiri, na mkulima wa kahawa anayesoma makato yaliyobandikwa kwenye ghala la chama, chini ya mwavuli wa KDCU, chama kikuu cha ushirika cha Karagwe, hahitaji kufundishwa nani anaubeba.

Ushuru huo hukusanywa mahali panapoonekana. Geti la mazao, yaani kizuizi cha njiani chenye kibanda na mti uliolazwa barabarani, ndilo sura ya serikali ya mitaa ambayo mfanyabiashara wa Kyerwa huikuta mara nyingi kuliko nyingine yoyote: mkusanyaji akiwa na mashine ya POS mkononi, dereva wa fuso akishuka na stakabadhi za mzigo, ubishi juu ya uzito wa gunia lililoshindiliwa, na juu ya kama tani moja iliyosamehewa ni ya mwenye gari au ya kila mwenye mzigo ndani ya gari. Mashine hizo zililetwa kuondoa vitabu vya risiti vilivyokuwa vikighushiwa, na kwa kiasi zimefaulu. Hata hivyo ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimerudia, mwaka baada ya mwaka na kwa halmashauri nyingi nchini, hoja ya fedha zilizokusanywa kwa POS na kutofikishwa benki. Mashine hurekodi kilichopokelewa. Safari ya noti kutoka mfukoni hadi benki bado ni ya binadamu.

Ukiongeza ushuru wa huduma unaotozwa kwa mauzo ya kampuni, leseni za biashara, ushuru wa masoko na minada, na kodi ya nyumba za wageni, unapata kapu la mapato ya ndani, ambalo kwa halmashauri za vijijini ni sehemu ndogo tu ya bajeti yote. Mshahara wa mwalimu wa Nyakatuntu na wa muuguzi wa zahanati hulipwa na Hazina. Fedha za uendeshaji wa shule, tangu elimumsingi ilipotangazwa kuwa bila ada kuanzia Januari 2016, hutoka serikali kuu. Barabara za vijijini zilihamishiwa TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, mwaka 2017, na mwaka 2021 zikaongezewa tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta. Maji yamekwenda RUWASA, wakala wa maji vijijini, tangu 2019. Hata madarasa mapya yaliyoonekana karibu kila kata mwishoni mwa mwaka 2021, 15,000 kwa nchi nzima, yalitokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliotolewa kwa ajili ya kukabili UVIKO-19. Mkazi anayeuliza kodi yake imefanya nini, akioneshwa vitu vinavyoonekana vizuri zaidi, anaoneshwa vilivyolipiwa na wengine.

Kapu la ndani lina kazi zake. Serikali imezielekeza halmashauri zenye mapato madogo zitenge asilimia 40 ya mapato yasiyo na masharti kwa miradi ya maendeleo, na zenye mapato makubwa asilimia 60. Marekebisho ya mwaka 2018 yaliagiza asilimia 10 zitolewe kama mikopo isiyo na riba kwa vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu; mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kutokana na urejeshaji mbovu na vikundi hewa, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kinachobaki ndicho kinacholipa posho za vikao vya madiwani, mafuta ya magari, vibarua, umeme wa ofisi na safari za wakuu wa idara. Matumizi hayo hukosolewa sana, na mara nyingine kwa haki, ingawa halmashauri isiyo na mafuta ya gari haiwezi kukagua zahanati wala kufuata wanaokwepa ushuru.

Fungu la maendeleo huishia kwa sehemu kubwa kwenye kile kinachoitwa kumalizia maboma, na hapa ndipo panapopatikana jambo lililo karibu zaidi na kodi ya mali kwa maana yake ya asili. Boma, kwa lugha ya mipango ya Tanzania, ni jengo lililopandishwa na wananchi hadi usawa wa linta au wa paa na kuachwa likisubiri serikali. Kijiji huketi katika mkutano mkuu, kikakubaliana kila kaya itoe kiasi fulani cha fedha, au itoe mawe, mchanga na siku za kazi. Mwenye duka na mwenye kahawa nyingi husukumwa atoe bati au mifuko ya saruji. Mjane na mgonjwa husamehewa bila fomu, kwa kuwa kila mtu anajua hali yake. Mwenyekiti wa kitongoji hukusanya, mtendaji wa kijiji huandika, na kuta zinapanda machoni pa waliochanga. Masharti yote matatu yanatimia: uwezo wa kila kaya unathaminiwa na majirani, mmiliki anajulikana, na fedha hazivuki kijito. Hakuna kodi rasmi iliyowahi kufanya hivyo hapa.

Si busara, hata hivyo, kuipamba michango kupita kiasi. Haina msimamo wa kisheria unaoeleweka kwa kila mtu, kaya yenye ugomvi na uongozi inaweza kubanwa zaidi ya wenzake, mali kama kuku au baiskeli zikanyakuliwa kwa deni la mchango, na kijiji maskini hubaki na boma linaloota nyasi kwa miaka kwa sababu halmashauri haikupata zamu ya bati. Vilevile mchango haumgusi mwenye mali asiyeishi kijijini: mtu wa Bukoba au Mwanza aliyenunua vibanja vitatu na kuweka mwangalizi hachangi siku za kazi, na wala sheria ya majengo haimfikii. Kama kuna mahali ambapo kodi halisi ya ardhi ingeleta haki Nyakatuntu, ni kwa mtu huyo.

Mikasa ya kapu la halmashauri inakamilishwa na mpaka. Kyerwa inapakana na Uganda na Rwanda, na kwa miaka mingi kahawa imevuka usiku kwenda Uganda, kwa mitumbwi na pikipiki, kwa sababu mnunuzi wa upande ule alitoa fedha taslimu papo hapo huku chama kikichelewesha malipo. Kabla ya hapo mkulima mwenye dharura huwa ameshaingia kwenye butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado ua au punje changa mtini kwa sehemu ndogo ya bei yake, ili alipe ada au matibabu. Kahawa ya butura ikivuka mpaka, halmashauri haipati hata senti ya asilimia 3. Doria za vyombo vya ulinzi zimekuwa jibu la kawaida la viongozi. Lakini kodi inayotegemea gunia lipite getini hutegemea kwanza gunia lenyewe liwe na sababu ya kupita hapo, na sababu hiyo ni bei na malipo ya haraka.

Majirani, na mji mmoja wa mbali, wamelikabili fumbo hili kwa njia tofauti, bila yeyote kulimaliza. Uganda, katika sheria yake ya mwaka 2005, ilisamehe nyumba ya kuishi inayokaliwa na mwenyewe, na kuacha kodi iwabane wapangishaji na wenye biashara, jambo linaloepusha mgogoro wa mpangaji na LUKU. Kenya hutoza thamani ya kiwanja bila jengo, na Nairobi iliendelea kwa karibu miongo minne kutumia daftari la uthamini la mwaka 1980. Freetown, nchini Sierra Leone, ilianza mwaka 2020 kuhesabu majengo kwa picha za setilaiti na kuyapa alama kwa ukubwa, paa na mahali, badala ya kumsubiri mthamini wa kila nyumba. Njia ya alama ingefaa Kayanga, Omurushaka au Nkwenda, ambako maghorofa na mabanda ya biashara yamesongamana na tofauti ya uwezo inaonekana kwa jicho tu.

Kwa vijiji vya Nyakatuntu gharama ya kuhesabu ingeweza kulingana na mapato ya miaka mingi, na kibanja kingebaki nje ya hesabu kwa sababu za kisiasa ambazo hakuna chama kingependa kuzigusa. Kinachowezekana mapema ni cha kawaida zaidi na tayari kimo katika taratibu: mkutano mkuu wa kijiji unaotakiwa kufanyika kila miezi mitatu, ambapo mapato na matumizi husomwa. Kwa sasa kinachosomwa ni michango ya kijiji. Idadi ya mita za kijiji na makato yake inajulikana na mfumo wa LUKU, na ushuru wa kahawa wa kila chama cha msingi unajulikana na mashine ya POS. Hakuna takwimu mpya inayohitajika ili mtendaji azisome zote tatu katika kikao kimoja, pamoja na kiasi kilichorudi.